Komeo la Geti la Bwawa

Ipswich, 9 Januari

Baba mpendwa,

Hujambo? Mgongo unaendeleaje, na lile godoro wamekubadilishia au bado? Sisi huku hatujambo, ila joto linatuua. Bibi anakusalimu na anasema ule mboga hata kama zimepikwa vibaya.

Shule imekwisha, matokeo si mabaya. Nimepata kazi ya asubuhi kwenye duka la mikate. Napanga mikate nyuma, kwa hiyo silazimiki kuongea na wateja. Nashukuru.

Nina ombi. Daktari amemwambia Bibi atembee ndani ya maji kila siku, la sivyo nyonga itaganda kabisa. Lakini ile klorini ya unga inamuunguza. Wiki iliyopita alitoka bwawani shingo nyekundu kama kamba wa baharini aliyechemshwa kwa Krismasi. Boksi la mashine ya chumvi ulilonunua kabla hawajakuchukua bado liko bandani, halijafunguliwa. Nataka kuifunga mwenyewe. Nimesoma kijitabu chake mara nyingi, lakini kinaeleza kana kwamba msomaji anajua tayari. Nielekeze wewe.

Ba'mdogo Darryn alikuja Krismasi na karavani yake, akasema anakaa wiki moja. Bado yupo. Jioni anaua vyura wa miwa kwa fimbo ya gofu. Najua wana sumu na kila mtu Queensland anawaua, hata mwalimu wetu wa biolojia, lakini watu wenye adabu huwaweka kwenye friza walale wafe taratibu. Yeye huwapiga mpaka wanagonga uzio wa bwawa, na anahesabu pointi kwa sauti. Asubuhi mimi ndiye naosha uzio.

Jitunze, Baba.

Binti yako,
Tegan


Gerezani, 20 Januari

Mwanangu Tegan,

Barua yako imenikuta mzima. Mgongo ni ule ule, godoro ni lile lile. Mpe Bibi salamu, mwambie mboga nakula, nazo zinanila mimi.

Kuhusu mashine, sikiliza vizuri. Kile kichupa chenye sahani za chuma ndicho kinachogeuza chumvi kuwa klorini. Kifunge kwenye bomba baada ya chujio, kiwe kitu cha mwisho kabla maji hayajarudi bwawani. Kata bomba kwa msumeno, safisha ncha, paka gundi, usitikise. Chumvi imwage ukizunguka ukingo, usiimwage kwenye ule mdomo wa kunyonya majani. Sugua sakafu kwa brashi mpaka usiisikie chini ya mguu. Washa pampu tu, mashine iache imezimwa mpaka chumvi yote iyeyuke. Ukiiwasha mapema utaunguza sahani, na sahani ni roho yake.

Maji ya chumvi hupenda kupoteza ukali, kwa hiyo utahitaji asidi kidogo. Maji kwanza kwenye ndoo, ndipo asidi. Tenga ndoo moja, ipake rangi nyekundu, isiguse kitu kingine maisha yake yote. Ile klorini ya unga iliyobaki itoe nyumbani, ipeleke jalalani kwa wanaopokea sumu. Asidi na unga huo havikai chumba kimoja. Nilimwona mtu akikosea hivyo, akakohoa damu.

Sasa jambo langu. Bodi inayoamua nani aachiliwe mapema itanisikiliza Aprili. Nimeandika kwamba nitakaa kwenye anwani ya Bibi. Ofisa atakuja kuiona nyumba na ataangalia kama polisi wamewahi kuitwa hapo. Akiona wameitwa, nabaki humu. Kwa hiyo nyumba iwe kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Darryn ni mdomo tu, mwache apige vyura.

Juzi mtu wa hapa alimwagiwa usoni maji yaliyochemshwa na sukari. Sukari hung'ang'ania ngozi. Mimi niliangalia ukuta. Ndiyo kazi ninayojifunza humu, kuangalia ukuta.

Baba


Ipswich, 11 Februari

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Habari za mgongo? Bibi hajambo, na leo nina habari njema: mashine inafanya kazi!

Nilikata bomba mwenyewe. Nilipima na kupima tena hadi Bibi akaniambia, "Unakata bomba, mjukuu wangu, hukati kitovu." Tukamwaga chumvi, mimi nikibeba mifuko, yeye akisugua kwa brashi huku ameketi kwenye kiti cha plastiki kwenye maji ya kina kifupi kama malkia. Kesho yake nikaonja maji kwa kidole. Ni kama machozi, si kama bahari. Nikawasha. Povu jembamba likatoka kwenye bomba la kurudishia, na Bibi akaingia, akatembea kutoka ukuta hadi ukuta, akatoka na shingo yake nyeupe. Alilia kidogo akasema ni jua.

Ndoo nyekundu ipo. Unga bado uko bandani kwa sababu gari analo Ba'mdogo, na Bibi unamjua, hatupi kitu hata kopo la chai.

Tatizo dogo ni geti. Ba'mdogo hulizuia kwa boksi lake la bia ili asihangaike na komeo. Mimi naliondoa, kwa sababu sheria ni geti lijifunge lenyewe, na watoto wa jirani ni wadogo. Aliniambia, "Bubu, ukigusa boksi langu tena nitakufundisha kuongea." Ananiita Bubu. Rafiki zake pia wameanza.

Samahani kwa mwandiko. Geti lilinibana vidole viwili, kwa hiyo naandika kwa mkono wa kushoto. Si kitu.

Binti yako,
Tegan


Gerezani, 19 Februari

Tegan mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Mimi mzima.

Nimefurahi kuhusu Bibi na shingo yake. Nimewasomea wenzangu sehemu ile ya kiti cha plastiki, na mzee mmoja aliyeua mtu kwa shoka alicheka mpaka akashika ubavu.

Lakini hilo geti nililipachika mimi. Springi yake haina nguvu ya kuvunja biskuti. Geti halibani vidole viwili mpaka mtu aandike kwa kushoto, isipokuwa kuna mtu mzima amelisukuma kwa bega.

Humu wanasoma barua, kwa hiyo sitaandika ninachotaka kumfanyia Darryn. Unajua nilichomfanyia yule mtu nje ya baa. Alinitania kuhusu gari tu, na sasa ana jicho moja. Tangu barua yako ifike sijalala, mikono inawasha. Jana mtu alinipita mbele kwenye foleni ya chakula na nilikuwa nimeshashika shingo yake kabla sijajua. Walitutenganisha. Kwa bahati, halikuandikwa kwenye faili langu.

Nakuomba kitu, Tegan. Vumilia mpaka Aprili. Mwachie boksi lake, mwachie geti. Kaa chumbani, usimjibu. Nikitoka nitamwondoa mwenyewe, kwa mkono wangu. Usiite mtu. Polisi wakifika hapo mara moja tu, siji nyumbani.

Ni wiki chache.

Baba


Ipswich, 24 Machi

Baba,

Leo naanza bila salamu, nisamehe. Bibi yuko hai. Nataka ulijue hilo kwanza.

Nilivumilia. Nilimwachia Ba'mdogo boksi lake. Alikuwa akinivuta nywele nikipita na sahani zake, nikanyamaza. Alimpiga teke mbwa wa jirani, akamvunja mbavu, nikanyamaza. Bibi ndiye hakunyamaza. Kila alipolikuta boksi getini alilisukuma kwa fimbo yake ya kutembelea, chupa zikigongana, na kusema, "Nyumba ni yangu, geti ni langu."

Alhamisi kulikuwa na tufani, maji ya matope yakaingia bwawani, yakawa kijani. Jumamosi Ba'mdogo alikuwa amealika wenzake kwa nyama ya kuchoma. Ijumaa nilimwambia mashine inahitaji siku mbili kuyasafisha.

"Siku mbili? Nitawaambia waogelee kwenye supu ya mbaazi?"

Bibi akasema, "Waambie waende mtoni wakaliwe na papa wa huko."

Ba'mdogo alimpiga Bibi usoni, kwa nyuma ya mkono. Meno yake ya bandia yaliruka yakavunjika kwenye saruji. Bibi akayaangalia, halafu akamwangalia yeye, akasema, bila meno, "Baba yenu naye alianza hivi." Ba'mdogo akaipiga teke fimbo ya Bibi. Bibi akaanguka kwa nyonga ile ile, pale kwenye ngazi za chumba cha kufulia. Nilisikia ilivyolia. Nilikuwa na sufuria mkononi nikamrushia, ikampata begani, akanishika koo akanibandika ukutani mpaka nikaona madoadoa. Kisha akaniacha kama mtu aliyekumbuka shughuli nyingine.

Akaenda bandani akatoka na pipa la ile klorini ya unga. Akaingia ndani ya uzio. Asubuhi ile nilikuwa nimeandaa asidi ndani ya ndoo nyekundu. Aliinamisha pipa juu yake, kana kwamba ni ndoo ya maji.

Nilipiga kelele, "Ba'mdogo, siyo ndoo nyekundu!"

"Kumbe Bubu anaongea!" akasema, akamimina.

Ndoo ilichemka kama kitu kilicho hai. Ukatoka moshi wa kijani kibichi uliochanganyika na njano, mzito, ukatambaa chini. Alishika macho. Akaanguka magoti, akainuka, akaenda upande usio na geti. Boksi halikuwepo, Bibi alikuwa amelisukuma asubuhi, kwa hiyo geti lilikuwa limejifunga nyuma yake. Alikuwa anapapasa vyuma vya uzio kimoja kimoja akitapika, na aliniita kwa jina langu. Si Bubu. "Tegan! Tegan!"

Nilisimama nje. Simu ilikuwa mkononi. Bibi alikuwa chini ananitazama, hakusema fungua, hakusema usifungue. Niliwaza Aprili. Niliwaza, nikipiga simu nampoteza Baba, nisipopiga nampoteza Bibi, na huyu nikimwacha sasa hivi hakuna atakayenilaumu. Nilisimama muda ambao sitakuambia urefu wake.

Kisha nikalowesha taulo kwenye bomba, nikafunga mdomo, nikainua komeo. Nilimvuta kwa mkanda wa suruali. Ni mzito. Vidole vyangu vilivunjika upya. Nikamwacha kwenye majani nikapiga simu, na ambulensi ikaja na polisi nyuma yake.

Polisi mmoja wa kike aliniuliza, "Ni mara ya kwanza?"

Nikasema hapana. Halafu nikaongea, Baba. Nadhani sijawahi kuongea kiasi kile tangu nizaliwe. Ba'mdogo wamemchukua, anapumua kwa mashine chini ya ulinzi. Bibi amewekewa nyonga ya chuma. Nimeshawaandikia wale wanaokagua anwani yako nikawaambia polisi walifika, kwa sababu wangejua tu.

Kuna jambo jingine na nisipoliandika leo sitaliandika. Kwenye mlango wa kufulia bado pana tundu la ngumi yako. Bibi amelifunika kwa kalenda tangu nikiwa mdogo. Kila mwaka ananunua kalenda mpya. Viatu vya Ba'mdogo vilipokuwa vinasikika barazani, mwili wangu ulikuwa haujui kama ni yeye au ni wewe. Nataka urudi nyumbani, Baba. Nataka sana. Na naogopa sana. Vyote viwili ni kweli.

Tegan


Gerezani, 29 Aprili

Mwanangu Tegan,

Hujambo? Vidole vyako vinaendeleaje? Bibi ameanza kukanyaga? Mwambie meno mapya asiyapeleke karibu na ngazi.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nami mkono ulikuwa kwenye plasta. Nilipomaliza kusoma barua yako nilipiga ukuta, ule ule ninaojifunza kuuangalia. Vilivunjika vidole viwili, kama wewe. Muuguzi aliniuliza nimempiga nani. Nikasema, sijui jina lake. Usiku nililala naitazama ile plasta nikaona kalenda za Bibi, zote, mwaka kwa mwaka.

Nilikuambia uvumilie. Neno hilo mama yangu aliambiwa kuhusu baba yangu, na mama yako aliambiwa kuhusu mimi, mpaka akaondoka. Nami nikakupa wewe, mwenye vidole vilivyovunjika. Ulifanya vizuri kutonisikiliza. Ulifanya vizuri pia kuinua lile komeo, ingawa mimi nisingeliinua, na hilo ndilo linalonitisha.

Bodi haikunikatalia. Ofisa alisema kwa kuwa Darryn yuko rumande, anwani ingeweza kupita bado. Nikamwomba aifute. Akauliza kama kuna mtu amenitisha. Nikasema, hapana, binti yangu ameniandikia. Kwa hiyo nitasubiri nafasi kwenye hosteli moja ya wanaotoka gerezani kule Toowoomba, huenda Juni, huenda baadaye. Huko kuna mtu wa kuongea naye kila wiki kuhusu mikono hii. Nimeandika jina langu kwa mkono wa kushoto.

Baridi ikianza, punguza nguvu ya mashine, maji baridi hayahitaji klorini nyingi. Sahani zikiota magamba meupe zioshe kwa asidi iliyozimuliwa. Ndoo tafuta mpya, nayo ipake nyekundu.

Nikitoka nitakuja Jumapili, kwa basi, mchana, na nitapiga simu kabla. Sitaingia nyumbani. Nitapita upande wa bwawa nisimame nje ya uzio, mikono yangu juu ya vyuma mahali unapoiona. Usifungue kwa kunihurumia, wala kwa sababu ni mimi niliyelipachika hilo geti. Bibi awe majini. Nikimwona akitembea kutoka ukuta hadi ukuta, hata kupitia vyuma, nitakuwa nimekuja.

Baba