Upepo Ndani ya Mkono

Jumatatu, 3 Machi
Kitindamimba wangu amerudi kutoka kazini msafi kuliko mimi niliyeshinda ndani. Anakereza vyuma kutwa nzima, lakini ovaroli haina hata chembe ya uchafu. Nimemuuliza siri yake. Anasema jioni wanapulizana kwa mpira wa kompresa, ule unaotoa upepo wa kusafishia mashine. Mpaka nywele. Nimecheka. Sabuni yangu itapumzika.

Jumatano, 5 Machi
Mkono wa Kitinda umevimba! Kipande cha chuma kilimchana kiganjani — kidonda chenyewe hata punje ya mtama hakifiki. Mrefu, jirani yake wa mashine, akataka kumtoa unga wa chuma. Akashika ule mpira, akapuliza papo hapo kwenye kidonda. Kwa nia njema. Kitinda anasema alihisi ngozi inainuka kama puto.

Nimeugusa mkono. Ukalialia chini ya vidole vyangu, kama majani makavu yakikanyagwa. Nimezaa wanne, nimeuguza mama yangu, sijawahi kusikia mwili wa mtu ukilia hivyo. Nikachemsha maji nimkande. Baba yake akanizuia: hujui unakanda nini, twende hospitali. Leo amenishinda maneno, Mungu ambariki.

Alhamisi, 6 Machi
Amelazwa. Daktari kasema upepo umeingia chini ya ngozi, na uchafu umeufuata. Ungepiga jicho, jicho lingekwenda. Mpira ule si wa mwili wala wa nguo, hata kama huna kidonda. Brashi ipo. Mimi nilidhani upepo ni upepo tu. Si twapuliza chai, twapuliza macho ya watoto?

Wekundu unapanda. Daktari amechora mstari kwa kalamu, chini ya kiwiko. Ukiuvuka, watampasua. Na ni mkono wa kulia, wa kazi.

Siachi kutazama.

Ijumaa, 7 Machi
Mrefu amekuja kumwona mgonjwa, moja kwa moja kutoka kazini. Kasimama mlangoni, machozi yanamtoka. Mama nisamehe, mama nisamehe. Nikamwambia ingia mwanangu, ajali haina kinga. Nikamshika bega. Shati safi. Kola safi. Hata chembe.

Nikamuuliza: leo mmepulizana?

Akatazama viatu vyake. Navyo safi.

Kitinda kasema muache, Mama, ni mazoea. Akageukia ukutani, mkono ukatoka kwenye shuka.

Wekundu umefika kwenye mstari. Umeugusa au umeuvuka, sijui — macho yangu haya. Nimemtuma Mrefu amwite nesi. Namsikia anakimbia, mlango huu, mlango ule —