Siku ya Tatu Bila Ugali

Jumatano, 12 Machi 1997

Nimeahidi kuwa daftari hili litajua kila kitu, kwa hiyo hata aibu ya leo naiandika.

Siku ya tatu sasa sili ugali jioni, nala mlenda mtupu. Njaa inauma mpaka Jiografia haiingii kichwani. Lakini sketi imeanza kulegea, na darasani wataacha kuniita Bonge.

Leo Mama Neema, jirani yetu, alinikuta bombani. Nikamwamkia.

"Marahaba. Mbona umepungua hivyo, mwanangu?"

Nilifurahi! Yeye ndiye wa kwanza kuona. Nikamjibu, "Asante, Mama." Akanitazama kama nimemtukana, akaacha ndoo yake na kwenda moja kwa moja kwa mama. Nilimsikia akinong'ona, "Mmempima damu?"

Mama hakunigombeza. Alisonga ugali wa uwele, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza tonge la mwisho. "Shangazi yako, kabla hatujamzika, alianza hivihivi," alisema. "Kula."

Nilikula huku nalia. Na ugali ulikuwa mtamu, hilo ndilo linaniudhi zaidi.

Mungu, nijibu kabla ya kengele ya asubuhi. Nikinenepa wananicheka, nikikonda wananizika. Kesho nile au nisile?