Kibuyu ya Mahari ya Delphine

Jumamosi, 14/2/98

Mvua imeanguka muzuri. Nimepanda leo! Maboga kule chini, karibu na choo ya zamani, udongo iko mweusi pale. Bile bibuyu bidogo bya mistari, bya kupamba tu — Delphine aliniletea mbegu kutoka kwa bamasera, basista ba Katana — nimebiweka kando ya njia, batu bakipita babione. Na juu, kwa ukuta ya matete ya jirani yangu, Maman Bibiane, kibuyu kubwa. Mbegu tatu tu. Njo zimebaki za mama yangu. Vita ya 96 tulikimbia nazo kwa pembe ya kikwembe. Kibuyu yenyewe, ile mama alinipandia kwa mahari yangu, ilibakia kwa nyumba. Tuliporudi haikuwako. Mutu kuiba redio, naelewa. Lakini kibuyu!

Mahari ya Delphine ni tarehe nane août, mwezi wa nane. Na kwetu kule Walungu, mama ya binti njo anapanda kibuyu, kwa parcelle, kiwanja yake mwenyewe. Baba ya bwana-arusi anakunywa ndani yake kasiksi ya kwanza, pombe yetu ya ndizi. Kibuyu ya soko hapana! Batasema na binti pia aliokotwa kwa soko.

Delphine yangu! Graduat ya pédagogie, diploma ya ualimu, na distinction. Murefu kama mimi, meno kama mimi. Sijisifu, naandika tu vile iko.

Ameniletea tena lunettes, miwani ya macho. Nimeziweka kwa kabati. Macho yangu iko mazima.

Jumapili, 29/3/98

Nilipika majani ya maboga na karanga. Ignace, bwana yangu — mutu wa bureau, hata bugali anakula na kravati kwa shingo — alitafuna polepole. Kisha akauliza kama ni siku hizi tunaweka kinini ndani ya mboga. Nikamwambia mutu wa makaratasi hajui tena ladha ya chakula. Nikaonja.

Eh Mungu! Chungu mpaka kwa masikio!

Maboga imetambaa mpaka kwa ukuta, kumbe nilikata majani ya kibuyu. Asubuhi, mvua, haraka… Miche mbili nimezimaliza mpaka kwa mizizi. Ya tatu imepona kwa sababu ilijificha ndani ya matete. Moja tu imebaki. Moja!

Delphine akasimama. Alienda kwa kabati, akaleta lunettes, akaziweka kando ya sahani yangu. Ile dharau nzuri, aliitoa kwangu kabisa.

Nimezirudisha kwa kabati.

Jumatano, 22/4/98

Kibuyu imevuka! Imepanda ukuta, imeshuka upande wa pili, na tunda yake — moja tu, kama ngumi ya mutoto — imekaa juu ya nyumba ya kuku ya Maman Bibiane. Ukiivuta, itakatika.

Akaniita juu ya matete: "Maman Delphine! Kuko mukimbizi kwangu."

"Ni mutoto yangu huyo, maman. Umuangalie muzuri."

"Anakula jua yangu, anakunywa mvua yangu. Na HCR ya bakimbizi haijakuja kumuandika!"

Huyu mama! Sombe yake ya majani ya mihogo ni maji matupu, lakini ulimi wake iko na chumvi. Mizizi iko kwangu. Kibuyu ni yangu. Nilimwambia. Akasema sawa, basi nikule mizizi.

Jumapili, 10/5/98

Bakwe bamekuja kusalimia! Gentil, mupenzi ya Delphine, mwalimu kule Nyangezi — mwembamba, lakini kwangu atanenepa. Na baba yake, Papa Mushagalusa, na kofia yake nyeusi pana. Anakula nayo. Anaitoa kwa sala tu.

Nilitoa kuku. Papa Mushagalusa akasema amesikia habari ya kibuyu. Na huyu mudomo yangu! Nikajibu: muzee, utaiinua na mikono mbili, na utaita Gentil akusaidie. Akacheka. Akauliza iko wapi.

Ignace akasimama pale kwa barza, akanyoosha kidole: "Ile pale."

KIDOLE! Hata mutoto wa miaka tatu anajua: kibuyu changa, ao boga changa, unaionyesha na ngumi. Kidole inaiozesha! Nikapiga kelele. Maman Bibiane akapiga kelele upande wake — kumbe alikuwa anatusikiliza tangu supu. Papa Mushagalusa akashusha kofia kwa macho asione.

"Uma kidole, Papa Delphine! Uma, kabla kuoza haijafika!" Njo Maman Bibiane huyo.

Ignace akasema hayo ni mambo ya zamani, yeye ni mutu wa État, wa serikali. Lakini aliuma! Na kravati yake, mbele ya mukwe. Gentil akaangalia dari. Delphine alikimbilia jikoni kucheka.

Wakati ya kuaga Papa Mushagalusa akaniambia polepole: ikioza, mama, tutakaa tena tufikiri. Alisema kwa kucheka. Lakini macho haikucheka. Mama yake mwenyewe alipanda, bibi yake alipanda, bote balipanda. Kwake haiko muchezo.

Kwangu pia.

Jumatatu, 11/5/98

Nimeangalia. Ingali mzima.

Alhamisi, 14/5/98

Kuko alama nyeusi kwa chini. Sikumwambia mutu. Sikula. Ignace akiniuliza, ninamwangalia tu kile kidole.

Jioni Delphine akaona uso yangu, akavuka kwa Maman Bibiane, akapanda juu ya nyumba ya kuku, akafuta na kitambaa. Mavi ya kuku!

"Maman," akasema, "na lunettes ungeona tangu asubuhi."

Na lunettes mavi inakuwa kubwa zaidi, njo faida gani?

Jumanne, 7/7/98

Kamba yake imekauka. Unapiga na kidole cha kukunja, inaitika kama mlango. Nimeikata leo. Kubwa! Shingo ndefu, tumbo ya muke wa tajiri. Nilivuka nayo njia nzima, nikapita mbele ya kila nyumba, hata zile ambazo haziko kwa njia yangu.

Maman Bibiane alikubali kuitoa, lakini na sharti: siku ya mahari anataka kiti ya mbele, kando yangu, kama mama. Eti amemulea.

Nikamwambia kiti ya mbele ni ya mama. Na mama ni moja. Kwa nyuma kuko benchi muzuri.

Akasema: "Ukimbizi una mwisho, lakini shukrani yako haina mwanzo." Akaingia kwake.

Jumamosi, 18/7/98

Nimekata mudomo ya kibuyu, nimejaza maji, nyama ya ndani inaoza. Inanuka! Ignace anakula bugali inje. Ninaweka mawe madogo, ninatikisa, ninamwaga, ninatikisa tena. Mbegu zote nimezianika. Zitakwenda na Delphine.

Maman Bibiane amepita bila kusalimia. Hata harufu hakuitukana. Hiyo njo inaniuma.

Jumamosi, 1/8/98

Imekauka juu ya jiko. Nyepesi, nyekundu-nyekundu. Nimechora shingo na kisu ya moto, kama mama. Mistari fulani imepotea njia kidogo. Delphine anasema ni muzuri. Anasema hata Papa Mushagalusa haoni muzuri.

Ndizi za kasiksi ziko kwa shimo zinaiva. Juma moja!

Jumatatu, 3/8/98

Masasi, risasi tangu asubuhi, upande ya kambi ya basoda. Tuko chini ya kitanda. Kibuyu pia iko chini ya kitanda, ndani ya kikwembe, katikati yangu na Ignace. Anasema hata miaka ya kwanza ya ndoa hatukulala na mutu katikati.

Nimecheka. Kisha nikalia kidogo.

Alhamisi, 6/8/98

Tangu juzi Maman Bibiane iko kwetu. Nyumba yake ni ya mbao, masasi inapita. Alikuja na godoro kwa kichwa na boga kubwa kwa mikono. Nikamfungulia. Tukaangaliana.

"Kuko mukimbizi kwako," akasema.

Nikamwambia HCR haitakuja, aingie.

Boga ilikuwa tamu. Sitamwambia.

Barabara ya Nyangezi imefungwa, banasema. Bengine banasema ni wazi kwa miguu. Hakuna mutu ametoka kule. Hakuna habari ya Gentil. Delphine anapiga pasi libaya yake, blauzi ya siku ya mahari, ileile, mara ngapi sijui. Ignace anataka tusogeze siku. Tumwambie nani? Na nani atapeleka habari? Kasiksi tumekamua jana, na kasiksi haingoje bakubwa basikilizane.

Jumamosi, 8/8/98

Masasi imenyamaza. Kuku pia zimenyamaza.

Ignace amevaa kravati. Delphine amekaa kama mutu anangoja zamu kwa dispensaire. Bibuyu bidogo bya mistari nimebipanga kwa meza. Kibuyu kubwa nimeijaza mpaka kwa shingo. Haivuji hata tone!

Viti ya mbele nimeweka mbili. Maman Bibiane akaangalia ya pili, akaitikisa.

"Hii mguu yake ni fupi. Njo ya bakimbizi?"

"Njo ya mama. Ukae."

Akakaa. Akasukuma jiwe chini ya ile mguu fupi.

Ignace akauliza polepole: na basipokuja? Nikasema afazali kibuyu ingoje bakwe, kuliko bakwe bangoje kibuyu.

Ninaandika hapa kwa barza kwa sababu mikono inatafuta kazi.

Batu banapanda! Kule chini kabisa, kwa mikalitusi. Ine, ao tano. Mumoja iko na kitu kwa kichwa. Kofia? Ao chuma ya basoda? Mwingine amebeba kitu murefu kwa bega. Inaweza kuwa fimbo ya kuchunga ng'ombe.

Inaweza.

Ignace anasema basoda, tuingie ndani. Maman Bibiane anasema hapana, ni kofia ya Nyangezi, ile pale — na ameinua kidole!

"Ngumi, maman! Onyesha na ngumi!"

Amekunja. Na Ignace, mutu wa État, amekunja yake. Tumesimama bote, ngumi mbele. Hakuna anayeingia ndani.

Bamesimama kwa bomba ya maji. Banauliza njia.

Nimeita: Delphine, lunettes!

Kumbe anazo mkononi tangu asubuhi.