Maji ya Rejeta Hayaonekani

Fundi Rangi wangu,

Chai iko kwenye chupa. Mkeo ale kwanza, ananyonyesha. Mimi nimetangulia kusali.

Asubuhi nilifungua boneti nitazame maji, kama alivyonizoesha marehemu baba yako. Kweli umepapendezesha. Mfuniko wa injini mwekundu, boksi la hewa jekundu, vinang'aa kama viatu vya bwana harusi. Lakini mwanangu, hata kile kitungi cheupe cha maji ya rejeta umekipulizia rangi! Kilikuwa kinaonyesha maji yamefika wapi. Sasa nimemulika tochi mpaka kiuno kimeniuma, sioni kitu. Nikasema nifungue nichovye kijiti, kifuniko nacho kimegandana na rangi. Nimekizungusha mpaka kiganja kimechubuka.

Nikaja kukuamsha. Ukanijibu humo humo ndani ya shuka, "Mama, gari hili halijawahi kuchemsha, niache nilale," ukageukia ukutani.

Halijachemsha kwa sababu kila asubuhi naliongezea maji, wewe ukiwa bado umelala. Linavuja, baba. Leo sikuweza kuliongezea, na safari yenu ni ndefu, mna mtoto mchanga.

Koleo nimeliweka juu ya karatasi hii. Usiwashe gari kabla hujakifungua hicho kifuniko ukaongeza maji.

~~Ufunguo nimeondoka nao.~~ Hapana, uko pale pale msumarini. Gari ni lako, mtoto ni wako. Mimi nimebakiwa na kupiga magoti tu.

Bibi wa huyo mtoto