Bendeji Bila Kidonda

Jumatatu, 7 Julai

Umepotea wapi, wewe mwanamke? Mahindi yamefika kiunoni na hujaandika neno. Mwalimu wa ngumbaru alisema kila siku, hata mstari mmoja. Alikuvumilia wewe na mvi zako mpaka ukajua herufi, halafu unakimbia. Sasa mkono umekuwa mgumu. Aibu yako. Kaa hapo uandike.

Nimekamua. Ng'ombe mweusi amepiga ndoo teke. Nimechuma majani chai mpaka mvua ikanifukuza. Baridi ya Julai, ile ya kuingia kwa meno.

Chelangat amerudi kutoka shule ya watoto wadogo anakofundisha, hapa Merigi. Mjukuu wangu, niliyemlea tangu aache kunyonya. Huniita Kogo, yaani bibi. Sisi wote tumejifunga makoti, yeye jasho linamtoka kama mtu anayelima adhuhuri. Ndivyo alivyo. Viganja, kwapa, nyayo. Chaki hugeuka uji mkononi mwake. Hubeba blauzi mbili kwa mkoba na kitambaa kiunoni. Kliniki ya Bomet walimpa dawa ya kupaka kwapani kabla ya kulala. Kwapa zimepungua. Mikono imekataa.

Yeye hana shida nayo. Anawaambia watoto mikono ya mwalimu hunyesha, wanacheka, wanaishika. Mwenye shida ni mimi.

Alhamisi, 10 Julai

Jumamosi ni koito, siku yetu ya posa. Watu wa Kimulot wanakuja kumuuliza Chelangat kwa ajili ya kijana wao Kiprono. Mwanangu Wesley, mjomba wake, ndiye atasimamia upande wetu kwa sababu mzee wangu alishatangulia.

Kwa koito msichana huitwa mbele ya wazee. Anawasalimu wote kwa mkono, mmoja mmoja, ukuta hadi ukuta. Nimeona watu wakijipangusa kwa suruali baada ya kumsalimu. Hata kanisani. Dada mmoja alinong'ona kwamba mtu wa kutoa jasho kwa baridi kama hii ana ugonjwa anaouficha. Nilimjibu vibaya, mbele ya pasta. Sijuti.

Lakini watu wa Kimulot siwezi kuwajibu vibaya.

Nimepitia soko ya Bomet. Nimenunua sweta nyeusi, nzito, ya mtumba lakini nzuri. Nyeusi haionyeshi. Halafu nikaingia duka la dawa nikanunua bendeji.

Jumamosi, 12 Julai

Nimefanya.

Asubuhi nilimwita jikoni. Alikuwa amepiga pasi gauni lake la kitenge la maua maua, lile pana la pamba. Ananiambia maua huficha madoa na pamba hupumua, amejua hayo kitambo. Nikasema weka hiyo. Nikamvalisha sweta. Kisha nikashika mkono wake wa kulia nikaanza kuufunga.

"Kogo, unafanya nini?"

"Umeungua na maziwa moto. Jana jioni."

"Sijaungua."

"Leo umeungua."

Aliniangalia muda mrefu. Sikumpa nafasi. Nilimwambia hii ni siku moja tu, akishaolewa atanyesha apendavyo. Akaniachia mkono. Ni mtoto wa heshima, na mimi niliitumia heshima yake kama kamba.

Wageni walijaa sebule. Madirisha yamefungwa, jiko la makaa katikati. Alipoitwa aliinamisha kichwa tu. Wesley akaeleza habari ya maziwa moto, kwa sababu nilimwambia hivyo na yeye akaamini. Wazee wote, pole, pole sana msichana wetu. Mkono wa kushoto hausalimii wazee, kwa hiyo hakushika mtu yeyote. Nilifurahi. Naandika ukweli. Nilifurahi kama mwizi aliyevuka mto.

Halafu joto la sweta likampanda. Uso ukalowa, shingo ikalowa, bendeji ikaanza kuwa ya kijivu. Akayumba akitoa vikombe. Mama Kiprono akamshika bega akamkalisha kando ya mlango. Alikuwa anaangalia ile bendeji.

Jumapili, 13 Julai

Chelangat hakula nami. Sweta ameitundika kwa kamba. Inatoa maji kama nguo iliyofuliwa.

Jumanne, 15 Julai

Siku mbaya. Niandike kabla sijaanza kujitetea.

Chelangat ndio tu alikuwa amerudi kutoka shule. Nikasikia pikipiki langoni. Kuchungulia, Mama Kiprono anashuka, chupa ya asali mkononi. Asali ya msitu wa Mau, dawa ya kidonda cha moto. Ametoka Kimulot kote huko kuleta dawa.

Nilimvuta Chelangat jikoni. Bendeji sikuiona. Nikararua kitambaa cha kufunikia chapati, nikamfunga, nikamsukuma sebuleni. Yote kwa pumzi moja.

Mama Kiprono alipokea salamu zangu. Akakaa. Akamwangalia mtoto. Akasema polepole, "Mama, si ulikuwa mkono wa kulia?"

Nilikuwa nimefunga wa kushoto.

Nikaanza kusema eti wa kulia umepona, huu nao umeguswa na sufuria. Mimi, mama wa kanisa, nikiongeza moto wa pili. Chelangat hakuningoja nimalize. Akakifungua kile kitambaa mwenyewe, akakiweka mezani, akanyoosha viganja vyote viwili. Vimekunjamana, vyeupe, matone yamesimama juu yake.

"Ni jasho tu, mama. Nimezaliwa nalo. Hakuna kidonda."

Kisha akatoka nje, kwenye mvua, bila koti.

Mama Kiprono alikaa kidogo. Chai niliyomwekea hakuigusa. Aliweka asali mezani akaondoka. Kwetu mgeni akiacha chai ikiwa kikombe kizima, hiyo ni hotuba.

Jumatano, 16 Julai

Wesley amepigiwa simu. Watu wa Kimulot wanasema koito ya pili isimame kwanza. Wanauliza kama nyumba hii inafunga kidonda ambacho hakiko, kile kilichoko kimefungwa wapi.

Wesley amenifokea. Mtoto niliyemzaa.

Jumapili, 20 Julai

Chelangat amehamia kwa mwalimu mwenzake, chumba cha kupanga pale sokoni. Alisema ni karibu na shule. Uongo wa heshima. Kumbe ameurithi kwangu.

Leo kanisani alikaa mbele. Gauni la maua. Kwapa zilikuwa zimelowa na yeye aliinua mikono akiimba, wazi, kama wengine wote. Alisalimia watu mlangoni. Alikausha kiganja kwa kitambaa, akasalimu, akakausha, akasalimu. Hakumkwepa hata mmoja. Kwangu akanipa mkono pia. Mkono wa mgeni. "Habari ya asubuhi, Kogo." Basi. Ulikuwa baridi na umelowa, nami nilitaka niushikilie, lakini mstari ulikuwa mrefu.

Nilikuwa naogopa watu wamwonee aibu. Mtu wa kwanza kumwonea aibu alikuwa anaishi naye, anampikia.

Nyumba ni kubwa. Ng'ombe mweusi naye hatoi maziwa vizuri, amezoea mikono ya yule mtoto. Anapenda ikiwa na unyevu, haimkwaruzi.

Jumanne, 22 Julai

Nimeenda Kimulot. Sikumwambia Wesley. Nimepanda pikipiki, mimi na magoti yangu, kilima baada ya kilima, ukungu umeshika chai yote. Nilimwambia yule kijana wa pikipiki akikimbiza nitamchapa kisogoni. Akacheka. Akakimbiza. Nikamchapa.

Mama Kiprono alikuwa anapalilia mboga. Hakunikaribisha ndani mara moja. Nilisimama kwa boma yake kama mtu wa kuuza sufuria. Nikasema yote hapo nje. Kwamba nilifunga mkono mzima. Kwamba nilimvalisha sweta karibu imzimishe. Kwamba mtoto alikataa na mimi nikamlazimisha. Kwamba hakuna ugonjwa unaofichwa, kliniki wamempima, ni mwili wake tu unatoa maji mengi.

Aliegemea jembe akaniambia, "Kiprono aliniambia habari ya jasho hata kabla hatujaja kwako. Anaushika huo mkono kila wakikutana. Ulidhani ana macho ya kuazima?"

Akang'oa gugu moja, akaendelea.

"Mimi niliona bendeji. Niliona mtoto anazimia na hasemi kitu, kila mara anakuangalia wewe kwanza. Nikasema hapa kuna mtu anampiga. Asali ilikuwa sababu ya kuja kuangalia."

Mungu wangu. Mimi. Kuonekana mtu wa kupiga Chelangat. Nilitaka kukasirika, nikatafuta hasira ndani nikakosa. Kwa sababu alisema kweli kwa namna nyingine. Mtoto alikuwa anauliza ruhusa kwangu kwa macho, ruhusa ya mkono wake mwenyewe, na mimi nilikuwa naangalia wageni.

Halafu akanipa ya mwisho. "Na umeniona mimi mtu wa kukimbia jasho? Mimi ninayekamua, ninayebeba majani chai kwa mgongo? Umenitukana, mama."

Nikamwambia ndiyo, nimekutukana. Nisamehe. Ilitoka vizuri, bila kona.

Akanifungulia mlango. Alinipa mursik, maziwa yetu ya kibuyu, na ugali wa moto. Nilikula nikilia, na yeye akaniambia niache, nitaongeza chumvi. Tukacheka kidogo. Koito atasema irudi, alisema, lakini kwa sharti. Msichana aje kama alivyo. Na kwanza nimrudishe nyumbani, mimi mwenyewe. Hawezi kuchukua bibi harusi kutoka chumba cha kupanga.

Ijumaa, 25 Julai

Nilienda shuleni Merigi. Nilimkuta anafunga viatu vya watoto. Nikamwambia nimetoka Kimulot na nimesema yote. Nikamwambia arudi nyumbani, ng'ombe mweusi anamtaka.

"Ng'ombe tu, Kogo?"

Nikasema pia kuna maharagwe nimepika.

Alicheka, lakini cheko fupi. Alirudi na mkoba wake. Alikula sahani mbili. Aliosha vyombo akaimba kidogo, akaacha katikati.

Jumamosi, 2 Agosti

Koito ya pili imepita.

Nimeamka mapema nikapika chapati nyingi kupita akili. Nikafungua madirisha yote. Jiko la makaa nikalitoa nje, joto lisibaki, na mtu yeyote akilalamika baridi ajifunike koti. Wesley aliniuliza kama mama yake ni mzima.

Chelangat akatoka chumbani. Nilidhani atavaa maua. Amevaa gauni la buluu, ile ya anga. Rangi mbaya kuliko zote kwa mtu wa jasho. Tone moja likianguka linaonekana mpaka barabarani. Mdomo wangu ulifunguka. Sweta ilikuwa pale kwenye kiti, karibu kabisa na mkono wangu. Nikakaa juu ya hiyo sweta. Nikaikalia mpaka wageni wakafika.

Aliniona. Akasema, "Naipenda hii rangi, Kogo. Sijawahi kuivaa mbele ya watu." Miaka yake yote ameipenda buluu na mimi sikujua. Nilikuwa namnunulia nyeusi.

Wakamwita. Akaingia. Akatoa kitambaa mbele yao wote, akajikausha bila haraka, akasema, "Wazee, mikono yangu hutoa jasho. Msishtuke." Kisha akaanza kusalimu, ukuta hadi ukuta. Mzee mmoja mwenye meno machache alishika mkono ule akakataa kuuachia. "Huyu hatahitaji maji ya kukanda chapati," akasema. Chelangat akamjibu papo hapo, "Babu, wewe utauliwa na njaa ukingoja yatoshe." Sebule yote ikaanguka kwa kicheko. Hata mimi. Nilicheka na kucheka kukanikata ndani, kwa sababu nilikuwa nimewanyima kicheko hicho mara ya kwanza.

Wakati wa kumpaka siagi usoni, baraka ya wazee wetu, siagi na jasho vikateremka pamoja mpaka kidevuni. Kwapa za buluu zikawa nyeusi kama ramani. Kiprono alimwangalia kana kwamba hakuna kitu kingine ndani ya nyumba. Mama Kiprono alimpa kitambaa chake mwenyewe, si kwa kuficha jasho, ni kwa ajili ya macho, siagi ilikuwa inaingia.

Wamekubaliana. Watakuja tena kupanga harusi.

Jumapili, 3 Agosti

Mvua ndogo. Sijachuma.

Gauni la buluu liko kwa kamba. Chelangat amelifua asubuhi akaenda kanisani na lile la maua. Mimi nimebaki, magoti.

Nimehesabu makosa yangu na nimeona nimeomba msamaha kwa Mama Kiprono, kwa Wesley, kwa Mungu, hata kwa ng'ombe mweusi nilipomfokea. Kwa Chelangat nimepika maharagwe. Nimepika chapati. Nimefungua madirisha. Kila siku anakaa pale mezani mbele yangu, ananingoja bila kusema anangoja, na mimi namwongezea chakula.

Sufuria haisemi samahani. Unajua hivyo, wewe mwanamke.

Nasikia viatu vyake langoni. Funga hapa. Na usirudi kwenye karatasi hii kabla hujaushika mkono wake, ukiwa umelowa hivyo hivyo, ukamwambia kwa mdomo wako.