Majibu ya Wanawake wa Nyumba Yetu

Kijiji cha Sangri,
Uiseong.
11 Novemba

Mpendwa Dada Mal-sun,

Hujambo huko Toronto? Baridi imeshaanza kuuma? Na mgongo wa Shemeji unaendeleaje? Sisi tuko wazima, tunaamka na kula. Vitunguu saumu tumemaliza kuvipanda na kuvifunika kabla jalidi haijagandisha udongo.

Mama yuko vilevile. Upande wa kushoto bado haumtii, lakini ulimi umerudi na ukali wake wote.

Najua unashangaa kupata barua badala ya simu. Kwenye simu ningekohoa, nikakueleza hali ya hewa, nikakata. Unanijua.

Jumanne alikuja binti mmoja wa idara ya afya, Bi Tak. Anapita nyumba kwa nyumba na kishikwambi, akiuliza watu maisha ya kila siku yanawalemea kiasi gani. Kila mtu mzima wa nyumba anaulizwa. Tuliketi chumbani kwa Mama, maana ndiko sakafu hupashwa moto. Akamgeukia mke wangu, Mama Seon-u: "Mama, siku zako za kawaida, unahisi msongo wa mawazo kiasi gani? Mwingi mno, mwingi, kidogo, au karibu hakuna?"

Nikajibu mimi. "Andika hakuna. Huyu anashinda nyumbani, mawazo atayatoa wapi? Na Mama naye andika hakuna, analala na kulishwa kama malkia." Nikacheka, Dada. Nilicheka peke yangu.

"Samahani, Baba," akasema yule binti, "nimemuuliza mama mwenyewe."

Mama Seon-u alikuwa anamenya vitunguu saumu. Hakuinua macho. "Mwingi mno," akasema.

"We Mama Seon-u! Mgeni atatuonaje?" nikamaka.

Bi Tak akamuuliza taratibu kama vuli hii alipata hata siku moja ya kupumua.

"Nilipata. Mama alipolazwa hospitali. Wauguzi ndio waliokuwa wakimgeuza, mimi nikalala mpaka asubuhi." Kisha akajifunika uso kwa aproni. "Mimi ni mtu mbaya."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mkwe kutamka hivyo mbele ya mama mkwe! Nilishafungua mdomo nimkaripie, Mama akaniwahi kutoka kwenye godoro lake.

"Nyamaza, Deok-su! Umeulizwa wewe? Binti, na mimi niandikie mwingi mno. Kila siku namwona mtoto wa watu akiniinua na uzito wangu huu, kiuno kinamuuma, nikimuuliza anasema hakiumi. Kule hospitali angalau sikuwa na wa kumwonea haya."

Hapo nikaikumbuka simu yako ya kiangazi. Ulinisihi tuchukue msaidizi wa kumtunza Mama mchana, nami nikakubwatukia: mama mwenye mtoto wa kiume aogeshwe na mgeni, kijiji kitasema nini? Sasa nakwambia kwa aibu kubwa, kijiji hakijawahi kumgeuza Mama hata mara moja. Wala mimi. Tangu apooze miaka miwili iliyopita, mpaka jana nilikuwa sijamwosha mama yangu mzazi hata mguu.

Nisamehe maneno ya siku ile. Jana nimekwenda kuomba msaidizi, ataanza Jumatatu. Asubuhi nitamwosha mimi. Leo nilijaribu, Mama akasema nina mikono ya kusugulia masufuria.

Nakuomba umpigie simu Mama Seon-u. Umpigie yeye, si mimi. Tangu Jumanne hasemi nami zaidi ya "chakula tayari", na nikimwomba radhi ananyanyuka kwenda jikoni. Sina hakika kama amekasirika au amenichoka kabisa. Akinichoka, Dada, atakuwa na haki, nami naogopa.

Msalimie sana Shemeji Gwang-il, na binti yenu Bo-ran na wanawe. Mama anakuombea uzee wenye miguu mizima.

Jambo moja limebaki, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Bi Tak aliniuliza mimi wa mwisho. Nikajibu, "Karibu hakuna." Alinitazama akidhani nadanganya kwa kiburi cha kiume. Hapana, Dada. Ilikuwa kweli kabisa. Miaka miwili yote hii, nyumba nzima, aliyekuwa akiishi vizuri ni mimi.

Wako akupendaye, mdogo wako mpumbavu,
Deok-su