Maneno Yako Niliyoyabadilisha

Mwanza,
Jumapili, baada ya ibada.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Na Baba naye umpe shikamoo yake akirudi kutoka shambani. Magoti yanaendeleaje tangu mhamie kijiji kipya? Mimi sijambo. Samaki nimewazoea, ila ugali wa muhogo wa huku bado unanishinda. Natamani ule wa uwele, na mlenda wako unaovutika mpaka Baba anacheka.

Kozi yetu ya waandishi wa magazeti ya vijijini imekwisha Ijumaa. Kabla ya kumaliza, kila mmoja alitakiwa kukusanya maandishi yake ya tangu zamani kwenye jalada moja, asimame mbele ya wenzake, aeleze alivyokua katika uandishi. Mimi nilikuwa na habari ya lambo letu la maji la Kinampanda, hadithi mbili, na mashairi ya chuoni ambayo sasa nayaonea haya. Chini kabisa niliweka daftari langu la darasa la nne, lile nililokuwa naandikia barua zako kwa Baba kabla ya kuzinakili kwenye karatasi safi.

Unakumbuka, Mama? Baba alikuwa Tanga kwenye mkonge. Wewe ulikuwa unapiga magoti kwenye jiwe unasaga uwele, unasema kwa Kinyiramba, mimi naandika kwa Kiswahili cha shule. Ukitafuta neno, jiwe linanyamaza. Ukilipata, linaanza tena. Hata leo nikikwama katikati ya sentensi huwa nausikia ukimya ule, na harufu ya unga inanijia kabisa.

Basi nikawasomea barua ya mwaka ule wa ukame: "Kwa Baba mpenzi unayeng'aa kama nyota ya alfajiri, pokea salamu nyingi kama mchanga. Sisi huku tu wazima, na Bibi anakusalimu sana sana." Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Mwalimu wetu, mama mmoja wa Ukerewe asiyepoteza maneno, hakucheka. Akaniuliza, "Siku hiyo mama yako alikwambia uandike nini?"

Nikafungua mdomo nimjibu, ndipo maneno yako yakanirudia yote. Ulisema, "Mwambie kwamba mama yake hali tena chakula. Anamwita kutwa nzima. Aje."

"Mbona hayamo?" mwalimu akauliza.

Nikamweleza kwamba shuleni tulifundishwa barua nzuri haitangulizi habari mbaya. Nikaanza na salamu, salamu zikajaza ukurasa, na mwandiko ulikuwa umependeza mno, sikutaka kuuharibu. Nilikuwa na miaka kumi na moja, Mama. Nikafunga daftari, nikakaa.

Baba alifika Bibi ameshazikwa wiki tatu. Hata mzigo hajautua, ukamwambia, "Uliitwa, ukakaa."

Akasema, "Barua ilisema mama ananisalimu."

"Usinidanganye. Maneno niliyatoa kwa kinywa changu mwenyewe."

Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya kihenge cha nafaka, nimeshika kibuyu cha maji. Baba akatia mkono kwenye mfuko wa shati, nikaona ncha ya karatasi ya barua ile. Akanitazama. Kisha akairudisha ndani, akaniomba maji ya kunywa.

Tangu siku hiyo kila mkigombana unamrudishia neno lile, na yeye hajanitaja hata mara moja. Mimi nimekua, nimekuwa mwalimu, nimesifiwa kwa maandishi yangu, na hilo moja sijaliandika popote. Kila nilipotaka kukueleza, barua zilikuwa lazima zisomwe na mtu mwingine mbele yako. Au nilijidanganya kwamba hiyo ndiyo sababu. Sasa umehitimu darasa la watu wazima, unasoma mwenyewe, sina tena pa kujificha.

Baba hakukudanganya. Mkosaji ni mimi. Naomba unisamehe, naye anisamehe. Kwa Bibi nitakwenda mwenyewe kaburini nikija likizo.

Nimefaulu kozi, na wameniambia nitaandika kwenye gazeti la wilaya yetu, makao Kiomboi. Kwa hiyo nitakuwa karibu, utaniona mpaka unichoke. Mwalimu yule alipokuwa ananiaga alisema, "Ukifika kwenu, andika wanavyosema." Nikamwambia nitaanza na barua moja kwanza.

Nisalimie kaka Mkumbo na shemeji, na mtoto wao ambaye sijamwona. Shangazi Eliwaza mwambie ungo alionisukia umefika salama na wenzangu wote wanautaka. Mwalimu wako wa kisomo naye umpe salamu zangu na shukrani.

Msomee Baba barua hii mkiwa wawili tu. Soma polepole, usiruke kitu. Ukimaliza, na wewe umwambie lako kuhusu neno lile.

Ni mimi mwanao,
Naomi